Ruzuku Ilipie Mche Ulioshika

Kwenye kibanda changu katika soko la Kongowea, chini ya mizani, nina daftari la jalada gumu. Si la nyanya; la nyanya natembea nalo. Hili la chini ya mizani ni la vijana, na kurasa zake mbili za mwanzo natamani zisomwe na kila anayetoa ruzuku ya mazingira katika pwani hii, awe wa serikali kuu, wa kaunti au wa shirika la ng'ambo.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: sepetu mbili, foko jembe moja, wilibaro kuukuu moja, glavu jozi sita, turubai moja. Pesa zilitoka mifukoni mwa vijana wenyewe, shilingi 50 kila mmoja, kila Jumamosi, kwa miezi mitano. Ukurasa wa pili ni wa msaada wa kwanza tulioupata: fulana 40, bango kubwa, hema na viti vya kukodi, chakula cha wageni, miche ya mikoko 2,000. Vitu vya ukurasa wa kwanza vinafanya kazi hadi leo. Vya ukurasa wa pili, zilizobaki ni fulana.

Mimi ni muuza nyanya wa jumla, na mwaka huu natimiza miaka 22 sokoni. Malori huingia usiku wa manane: ya ndizi kutoka Taveta, ya viazi na kabeji kutoka bara, ya machungwa kutoka Tanga. Kufikia saa nne asubuhi mali nzuri imeshakwenda Likoni, Changamwe, Mtwapa, mpaka Kilifi. Kinachobaki ni kilichobonyea njiani, na majani ya kabeji yaliyochambuliwa, na makoa ya migomba yaliyofungia ndizi. Jua likipanda, rundo huanza kuvuja maji na nzi hujaa. Siku ambayo lori la taka halikuja, mteja huziba pua, akachukua anachotaka upesi na kuondoka. Niliyaona hayo miaka nenda miaka rudi, nikadhani ndiyo desturi ya soko.

Walionifungua macho ni vijana wa mikokoteni. Miaka mitatu iliyopita walikuja kibandani, wakaniamkia, kisha mmoja wao akasema: "Mama, twataka kufanya mboji. Taka hii twaisukuma kila siku kwa malipo kidogo. Mbona tusiifanye mali? Na wewe pesa wazijua, twakuomba utuwekee hesabu." Walikuwa 14. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, kwa hivyo walitosha. Nikakubali kuwa mweka hazina kwa sharti moja, kwamba kila shilingi iandikwe mbele ya wote.

Mwezi wa kwanza tulikosea. Kabeji na nyanya ni maji matupu, na rundo la maji matupu haliwi mboji. Huoza tu likanuka. Majirani zetu sokoni walilalamika, na walikuwa na haki. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa akifanya kibarua kwa seremala akaleta magunia ya maranda. Mwingine akaleta makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na majani makavu ya mwembe. Tukawa twapanga tabaka bichi, tabaka kavu, twafunika kwa turubai, na kila wiki fungu lageuzwa ili hewa ipite. Siku ya nne baada ya kupanga upya nilitia mkono ndani ya fungu, na sikuweza kuuacha humo. Lilikuwa na joto kama uji ulioepuliwa sasa hivi, na ile harufu ilikuwa imekwisha. Baada ya miezi mitatu tulichekecha tukapata mboji nyeusi, nyepesi, inayopukutika vidoleni. Wenye vitalu vya maua kando ya barabara huko Nyali walinunua magunia yote 11.

Kila gunia lililogeuka mboji ni gunia ambalo halikupelekwa Mwakirunge. Jaa hilo liko Kisauni, karibu na makazi na mashamba ya watu, nao ndio wanaovuta moshi na harufu ya taka yetu. Katika miji ya Kenya, zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza, na vikiozea chini ya rundo pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hupasha dunia joto mara nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka inayooza itengwe na isiyooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuichambua. Vijana 14 wa Kongowea walikuwa wameanza kuitekeleza sheria hiyo kwa sepetu mbili na wilibaro kuukuu.

Sasa nije kwenye mikoko, kwani hapo ndipo nilipojifunza hili ninalotaka kulisema leo.

Hori ya Tudor imepita nyuma ya mitaa yetu, inakwenda hadi Mishomoroni na Junda. Watafiti waliochunguza mikoko ya hori hiyo walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 ilipotea zaidi ya asilimia 80. Ilikatwa kwa kuni na kwa miti ya kujengea, na maji machafu ya mji yakamwagwa humo humo. Mkoko ukiondoka, kamba, kaa na samaki wachanga wanaokulia mizizini hukosa pa kujificha, na mvuvi wa mtumbwi mdogo ndiye wa kwanza kulijua hilo. Vijana wetu, ambao wengine ni watoto wa wavuvi, walitaka kurudisha angalau kipande.

Shirika moja, jina lake silitaji, lilisikia habari zao likaja na msaada. Nia yao ilikuwa njema, na ninaamini hivyo hadi leo. Lakini siku ya kupanda ilichaguliwa kwa kalenda ya ofisi, na bahari ina kalenda yake. Mahali palichaguliwa kwa sababu magari yangeweza kufika: ufuo mtupu wa mchanga na tope, mbele kabisa, ambako maji yakijaa hukaa muda mrefu. Mzee mmoja mvuvi alisimama kando akasema polepole, "Hapo hapashiki. Maji hukaa sana." Hakuna aliyemwandika popote. Kwa saa mbili tulipanda miche 2,000, picha zikapigwa, watu wakala wali, magari yakaondoka.

Zilipopita bamvua mbili tulirudi. Tulihesabu miche 73. Mingine ilikuwa imeng'olewa na mawimbi, mingine ilikuwa imesimama lakini imegandwa na vijigamba vya baharini hata kikonyo hakionekani. Ripoti wakati huo ilikuwa imeshaandikwa kwamba miche 2,000 imepandwa, na ni kweli ilipandwa. Hakuna aliyesema uongo. Ila hakuna aliyeulizwa iliyoshika ni mingapi, na katika bajeti hakukuwa na hata nauli ya kurudi kuhesabu.

Vijana walimfuata yule mzee. Akawaonyesha kwamba mlilana hutangulia mbele baharini, mkoko hufuata palipo na tope la kutosha, na mkandaa hukaa nyuma kuelekea nchi kavu. Akawafunza kuchuma mbegu ya mkoko iliyokomaa, ile ndefu kama rula inayoning'inia mtini na kuachia yenyewe ukiigusa, na kuichomeka wima bila kuipondaponda. Tangu hapo huenda wachache wachache maji yakipwa, wanapanda miche 30 au 40, na kila waendapo huitazama ya nyuma kwanza. Miwili mitatu iliyokufa huirudishia papo hapo. Hakuna hema wala bango. Leo miche hiyo iliyopandwa bila kelele imenifika kiunoni.

Basi ombi langu kwa wenye kutoa ruzuku ni hili: lipieni mche ulioshika. Mkilipia uliopandwa, mtapata upandaji. Mkilipia ulioshika, mtapata msitu, kwa sababu tangu siku ya kwanza kila mtu atajiuliza ni wapi pa kupanda, nani atarudi kutazama na mbuzi watazuiwaje.

Hili si geni nchini mwetu. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama waliootesha miche walipewa malipo madogo kwa kila mche uliosalimika. Yalikuwa senti tu, lakini yalilipia kitu cha haki. Mama anayejua kwamba malipo yako katika uhai wa mche huchimba shimo la kutosha, huuzungushia miiba, na maji ya kuoshea mboga hayamwagi ovyo. Mwaka 2004, alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti iliyopandwa na harakati hiyo ilikuwa ikihesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Mfano wa pili hauko hata mbali. Panda matatu hapa Kongowea kuelekea Bamburi na utafika Haller Park. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954, jangwa jeupe la mawe ya matumbawe, lisilo udongo wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller alipewa kazi ya kuyatunza. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalimika ni tatu tu, ukiwamo mvinje. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, basi akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa udongo. Sisi husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Yeye alimwokota jongoo na msitu ukasimama. Hebu fikirini kama Haller angepewa ruzuku ya miezi sita na fomu inayouliza umepanda mingapi. Aina 23 zilizokufa zingeandikwa kuwa hasara, na mradi ungefungwa. Alichopewa ni miaka, na ruhusa ya kukosea mpaka apate. Kijana wa Kongowea anahitaji hivyo hivyo.

Mfano wa tatu, vuka feri ya Likoni uende Gazi, Kwale, yapata kilomita 50 kusini. Huko watu wa Gazi na Makongeni wana Mikoko Pamoja, mradi unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni tangu 2013. Pesa hazitoki kwa sababu mtu amepanda. Zinatoka kwa sababu mikoko imepimwa na kukutwa iko hai, nayo imefyonza hewa ya ukaa. Wanakijiji ndio huamua pesa hizo ziende wapi, na zimekwenda kwenye maji safi na shule. Lakini tusisahau kwamba wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyo hapa kwetu Mkomani, walikuwa wakirudisha mikoko ya Gazi tangu miaka ya tisini. Miaka 20 ya kazi ya kimya ilitangulia hati ya kwanza. Mnaosifu Gazi, kumbukeni mlipie pia ile miaka ya kimya.

Tofautisheni na tulivyozoea. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, na lengo lililotangazwa lilikuwa miche milioni 100. Ilikuwa siku nzuri. Nami nilipanda miarobaini miwili. Ila mwaka uliofuata sikusikia siku ya kwenda kuitazama. Taifa lililojiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032 linahitaji siku ya kuhesabu miti iliyo hai, hata kuliko siku nyingine ya kupanda.

Najua nitajibiwa kwamba pesa za vijana huliwa. Zipo zilizoliwa, sitabisha. Nimewahi kuona kikundi kikivunjika kwa sababu mwenyekiti aliondoka na pesa za kikundi. Lakini angalieni mradi huliwa vipi: pesa nyingi huja kwa mkupuo, kwa akaunti ambayo jirani haijui, kwa kazi ambayo hakuna atakayekuja kuitazama tena. Anayelipwa kidogo kidogo kwa kitu kinachohesabika mbele ya watu, wizi wake ni mgumu. Sisi akina mama wa soko tumekuwa na vyama vya kuchangizana miaka yote hii, bila mkaguzi kutoka Nairobi, kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake kila asubuhi.

Wengine husema taka na mazingira ni kazi ya kaunti, kwa nini tuwape vijana? Ni kweli, Katiba yetu ya 2010 imeipa kaunti jukumu la taka, na Kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi. Ruzuku haiondoi jukumu hilo. Lori la taka bado lije, na lije kila siku. Lakini lori halitarudisha mikoko ya Tudor, wala halitatenga majani ya kabeji na chupa za plastiki saa kumi alfajiri. Kazi hiyo yataka mtu wa hapa, anayejua kila kona ya soko na kila mkondo wa hori.

Kuna na jambo la jasho. Vijana huambiwa kila mara wajitolee, nao hujitolea. Lakini kijana wa mkokoteni akienda kutazama miche siku nzima, siku hiyo nyumbani hapaingii kitu. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani ulilipa vijana kwa siku kusafisha mitaa na mitaro. Ulilisha nyumba nyingi, siubezi, lakini ulipokwisha na kazi ilikwisha, kwa kuwa kilicholipwa ni siku. Lipeni jasho, na mlifungamanishe na kitu kinachobaki.

Nikiulizwa ruzuku iweje, nasema hivi.

Kwanza, ianze ndogo na ifike mapema. Tuliwahi kuletewa fomu ya kurasa 19, kwa Kiingereza, ikitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kutoka kwa kikundi cha miezi minane. Katibu wetu alikaa siku mbili kwenye saiba akitafsiriwa fomu hiyo, na jibu halikuja. Toeni kwanza pesa za sepetu, gambuti na turubai. Kikundi kikionyesha kazi, ongezeni. Upo mfano: Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na UNDP tangu 1992, huwapa wanajamii moja kwa moja na hukubali nguvu zao zihesabiwe kuwa mchango wao.

Pili, ombi lipokelewe kwa Kiswahili, na mtoaji aje alisikie pale pale penye kazi. Kijana asiyeweza kujaza fomu anaweza kukuonyesha fungu la mboji na kukueleza kwa nini linanuka au halinuki. Huo ndio usaili wa kweli.

Tatu, malipo yagawanywe kwa miaka mitatu: sehemu ya kuanzia, sehemu baada ya miezi sita, na sehemu kubwa zaidi mwishoni, kwa hesabu ya kilichoshika. Katika bajeti iwemo nauli ya kurudi, chakula cha mchana na pesa za kurudishia miche iliyokufa. Na kikundi kikisema ukweli kwamba kimekosea na kimejifunza, kisiadhibiwe.

Nne, kaunti na wadi zitoe kile ambacho wahisani hawawezi kutoa. Tupewe kipembe cha soko kwa maandishi, mfereji wa maji, na barua ya kuingia mikokoni bila kukimbizwa. Mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia na wahisani wengine wanaufadhili kupitia Hazina Kuu na kaunti, umeweka kamati za tabianchi katika wadi. Kamati hizo zikutane sokoni, alasiri, wakati vijana wa mikokoteni wamemaliza kazi, na hesabu zibandikwe ubaoni kando ya lango, mahali ambapo kila mchuuzi atazisoma akipita.

Nyanya zimenifunza kwamba mali haihesabiwi inapopakiwa shambani. Huhesabiwa inaposhushwa, baada ya njia kuchukua chake. Hakuna mfanyabiashara anayelipia kreti zilizotoka Taveta bila kuuliza zilizofika Kongowea. Kwa nini tuihesabu miti yetu siku ya kupakia?

Mwaka huu nimepiga mstari mpya katika daftari la chini ya mizani. Kuna safu ya iliyopandwa, safu ya tarehe, na sasa kuna safu ya tatu, nimeiandika kwa kalamu nyekundu: iliyoshika. Maji yakipwa vizuri, vijana huenda horini na kurudi na nambari, nami huiandika mbele yao. Mwezi uliopita kijana mdogo kuliko wote, aliyejiunga akiwa hajui mkoko na mkandaa, alirudi na matope hadi magotini akasema, "Mama, andika 412." Nikamuuliza kama amehesabu mwenyewe. Akasema amehesabu mara mbili.

Mwenye ruzuku na aje tumpe gambuti, akahesabu ya tatu.